Mama anaugua kijijini na kazi yangu iko mjini: je, niache kazi?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 41, mtoto wa kwanza kati ya watoto wanne. Ninafanya kazi mjini katika idara ya uhasibu ya kampuni moja, na tangu mume wangu alipofariki ninawalea peke yangu watoto wawili ambao wote bado wanasoma. Mama yetu yuko kijijini. Miezi minane iliyopita alipatwa na kiharusi kilichompooza upande wa kulia na kumwachia ulimi mzito, na tangu siku aliporuhusiwa kutoka hospitalini anauguzwa na mdogo wetu wa mwisho, msichana wa miaka 29 ambaye hajaolewa na ambaye alikuwa akiishi naye tangu mwanzo.

Kila Ijumaa nikitoka kazini ninapanda basi moja kwa moja, ninasafiri kwa muda wa saa 6, ninafika usiku wa manane, na Jumapili alasiri ninaanza safari ya kurudi. Nikifika, mdogo wangu huwa ameniwekea chakula na kunitandikia kitanda, hata kama siku nzima hakupata nafasi ya kuketi. Amekuwa fundi wa kumhudumia mama. Anapotaka kumgeuza ubavu, kwanza humkunja goti, humshika nyuma ya bega, kisha huhesabu moja, mbili, tatu, na mama naye huhesabu pamoja naye. Maneno mengine yote yanamshinda, lakini hizo namba zinatoka vizuri. Kabla ya ugonjwa, mdogo wangu alikuwa akishona sare za shule nyumbani. Siku hizi hashoni tena, na juu ya meza ya cherehani tumepanga dawa za mama.

Mimi nimechoka, Shangazi. Jumatatu ninasinzia mbele ya kompyuta. Miezi miwili iliyopita nilikosea katika kufunga hesabu za mwezi, nikapewa barua ya onyo, na meneja akaniambia kwamba matatizo ya nyumbani yabaki nyumbani. Wadogo zangu wawili wa kiume, ambao nao wanafanya kazi mijini na wana familia zao, walipopata habari hiyo waliitisha kikao cha simu. Kikao kikaamua kwamba mimi kama mkubwa, tena mwanamke, niache kazi nirudi kijijini nimuuguze mama, na wao watakuwa wakichanga. Mdogo wetu wa kike hakusema neno hata moja mpaka simu ikakatwa.

Kwa upande mmoja ninaona wana haki, kwa sababu mama hulia kila Jumapili ninapobeba begi langu. Kwa upande mwingine, dawa zake zinanunuliwa kwa mshahara wangu na ada za wanangu zinatoka humohumo. Nimefikiria pia kumleta mama mjini, lakini ninaishi ghorofa ya tatu na mchana kutwa nyumbani hakuna mtu. Nisaidie. Je, niache kazi? Na je, nikikataa nitakuwa nimemtupa mama yangu?

Mtoto wa Kwanza

Marahaba, mwanangu, na pole kwa uzito uliokuangukia. Nitakujibu swali lako la kwanza mara moja ili usisome barua hii yote ukiwa na wasiwasi: usiandike barua ya kuacha kazi sasa. Huenda ikafika siku ambapo kuacha kutakuwa ndilo jambo la busara, na hapa chini nitakueleza ni katika hali gani, lakini uamuzi uliotolewa katika kikao kile haukutokana na hesabu yoyote. Ulitokana na mazoea ya kudhani kwamba palipo na mgonjwa na mwanamke, tatizo limekwisha kupata jibu.

Umeniuliza kuhusu kazi moja, ile ya ofisini. Nilipoisoma barua yako mara ya pili niliona kazi tatu. Ya kwanza ni hiyo yako. Ya pili ni ya kumuuguza mama, ambayo haina saa za kutoka wala siku ya kupumzika. Ya tatu ni ile ya ushonaji, ambayo imekufa bila mtu yeyote kuitishia kikao. Mdogo wako aliacha kazi yake miezi minane iliyopita, nanyi nyote mkaona ni jambo la kawaida kwa kuwa hakuwa na meneja wa kumpelekea barua. Ninakwambia hivi kwa upendo, kwa sababu wewe mwenyewe ndiwe uliyeandika kwamba juu ya cherehani mmepanga dawa, kisha ukaendelea na habari nyingine.

Kosa hili si lenu peke yenu. Mwaka 2018 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu kazi za matunzo, likakadiria kwamba kila siku duniani hutumika saa bilioni 16.4 katika kazi za nyumbani na za kutunza watu zisizolipwa, ambazo ni sawa na watu bilioni 2 kufanya kazi saa 8 kwa siku bila ujira. Zaidi ya robo tatu ya saa hizo hubebwa na wanawake: kwa wastani saa 4 na dakika 25 kwa siku, wakati wanaume hutoa saa 1 na dakika 23. Makadirio ya shirika hilohilo yaliyotolewa mwaka 2024 yalionyesha kwamba wanawake milioni 708 wako nje ya soko la ajira kwa sababu ya majukumu ya matunzo, ilhali wanaume walio katika hali hiyo ni milioni 40. Mdogo wako ni mmoja katika hesabu hiyo, na kaka zake wanataka wewe uwe wa pili kutoka nyumba moja.

Kwa hiyo anza na daftari. Wewe ni mtu wa hesabu na unajua kwamba kisichoandikwa hakijadiliwi. Mwombe mdogo wako aandike kwa siku saba kila anachofanya kwa ajili ya mama na muda unaotumika: kumwogesha, kumlisha, kumgeuza, kumpeleka chooni, kufua mashuka, kuamka usiku, kufuata dawa. Kama maji au kuni hufuatwa mbali, muda huo nao uandikwe, kwa sababu huko kijijini matunzo hayaanzi pale mgonjwa anapoguswa. Huanza kwenye ndoo. Hapo ndipo watu wa mjini hukosea wanapofananisha. Mjini kinachotuumiza ni saa za kazi zisizopinda na umbali kutoka nyumbani. Kijijini kinachowaumiza wenzetu ni kwamba riziki yenyewe ni ya vibarua, ya msimu au ya wateja wachache, ambako hakuna likizo wala barua ya onyo: mteja akikosa sare yake wiki ya kufungua shule huenda kwa fundi mwingine, na msimu uliopita haurudi. Andika pia upande wa fedha, yaani dawa, nauli zako, sabuni, nepi, na kile ambacho mdogo wako alikuwa akikipata kwa mwezi alipokuwa akishona. Kiasi hicho cha mwisho msikisahau, kwa maana ni gharama ambayo familia inaitoa kila mwezi kupitia mtu mmoja.

Daftari likikamilika, itisha kikao cha pili, na safari hii mdogo wako azungumze wa kwanza. Wadogo zako wa kiume wakirudia neno lao kwamba uuguzi ni wa mwanamke, wakumbushe kwamba hata sheria za kazi za kimataifa zilikwisha kulitoka wazo hilo. Mwaka 1965 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha pendekezo lililowahusu wanawake wafanyakazi wenye majukumu ya familia, kana kwamba wanaume hawana familia. Mwaka 1981 likapitisha Mkataba namba 156, ambao unawahusu wafanyakazi wa kiume na wa kike kwa usawa, na hautaji watoto tu bali pia ndugu wengine wa karibu wanaohitaji matunzo. Wanaume wale wana likizo za mwaka kama wewe. Wana mikono ya kumwinua mama, na kwa kazi ya kumwinua pengine ni bora kuliko ya kwenu. "Tutakuwa tukichanga" lisiwe jibu linalokubalika mpaka liwe na kiasi, tarehe na jina la mpokeaji, na hata likiwa na vyote hivyo, kila mmoja wao aje akae na mama kwa juma zima angalau mara moja katika miezi michache. Mwanamume anayemwogesha baba yake na kushindwa kumnawisha mama yake uso ana jambo la kujifunza, naye atajifunza akiwa peke yake na mgonjwa, si kwenye simu.

Nami nilimuuguza baba yangu kwa miaka miwili, na kwa muda mrefu nilimlaumu kaka yangu moyoni bila kumwomba jambo lolote mahususi. Siku nilipomwambia, "Njoo tarehe fulani, utakaa siku kumi," alikuja. Sisemi kwamba wako watakuja kwa urahisi huo, ila usiwapimie kabla ya kuwaomba kwa maneno yaliyonyooka.

Sasa tuje kwenye safari zako, na hapa utanisamehe. Unasafiri saa 12 kwenda na kurudi kila juma, unafika usiku, mdogo wako anakuandalia chakula na kitanda, unakaa siku moja na nusu, kisha unaondoka ukiwa hoi na kumwacha akiwa hoi zaidi. Kwa hali ilivyo, ujio wako unamliwaza mama lakini unamwongezea mdogo wako kazi. Badala ya kwenda mara nne kwa mwezi, nenda mara moja au mbili, na mara hiyo moja uunganishe na siku chache za likizo yako ya mwaka. Ukifika, yeye aondoke. Aende kwa rafiki, alale usiku kucha bila kusikiliza kikohozi cha mtu, nawe ubaki na mama peke yako, ujifunze kumkunja goti na kuhesabu naye mpaka tatu. Nauli utakayookoa iwe fungu la kwanza la kumlipa msaidizi.

Ndiyo, msaidizi. Katika familia nyingi neno hili huonekana kama kuikimbia radhi ya mzazi, lakini mtu mmoja hawezi kumuuguza aliyepooza usiku na mchana kwa miaka bila mwili wake mwenyewe kudai. Tafuta mtu wa jirani anayeaminika, aje kwa saa maalumu zilizokubaliwa, tuseme asubuhi tano kwa juma, na saa hizo ziwe mali ya mdogo wako kwa ajili ya kushona. Msaidizi huyo naye ana nyumba yake na pengine mgonjwa wake. Makubaliano yaandikwe, malipo yawe na tarehe, na kama atakaa nanyi moja kwa moja basi apate siku ya mapumziko; Mkataba namba 189 wa mwaka 2011 unaohusu wafanyakazi wa majumbani unayataja mapumziko ya angalau saa 24 mfululizo kila juma. Haitakuwa haki kuinua mzigo kutoka mgongoni mwa binti mmoja na kuutua kwa binti mwingine asiye na sauti.

Kuhusu mwajiri wako, ninaelewa kwamba barua ya onyo imekutia hofu, ila kimya chako ndicho kitakachokuponza. Kwa meneja, wewe sasa ni mfanyakazi anayesinzia Jumatatu; hajui sababu yake kwa kina, na huenda hajui unachotaka. Mwandikie barua fupi yenye mambo mahususi: hali ya mama kwa sentensi mbili, kazi zako zipi zinahitaji uwepo ofisini na zipi zinaweza kufanywa kwa kompyuta ukiwa mahali pengine, siku za kufunga hesabu ambazo hutakosa kwa hali yoyote, na ombi la majaribio ya miezi mitatu ambayo baadaye mtayapima pamoja. Omba jambo moja au mawili, kwa mfano kuingia mapema ili utoke mapema, au kuchukua likizo yako kwa vipande badala ya mkupuo. Mkataba ule wa mwaka 1981 unasema katika ibara yake ya 8 kwamba majukumu ya familia peke yake si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Si kila nchi imeuridhia, kwa hiyo kabla ya kuutaja mbele ya mtu, muulize kiongozi wa chama chenu cha wafanyakazi au ofisi ya kazi iliyo karibu nawe sheria ya kwenu inasemaje kuhusu likizo ya kuuguza na likizo bila malipo. Na usilifiche kosa la hesabu: likiri, eleza umelirekebishaje, kisha ndipo uombe.

Kumleta mama mjini sikushauri kwa sasa. Ghorofa ya tatu kwa mtu aliyepooza upande mmoja ni kifungo, na kumwacha peke yake mchana kutwa ni hatari, kwa kuwa anaweza kuanguka au kupaliwa bila mtu wa kumsikia. Kijijini ana mlango unaofunguka chini, sauti anazozijua, na majirani wanaoweza kukaa naye nusu saa na kumsemesha. Mazungumzo hayo ni dawa kwa ulimi mzito. Kama kuhesabu kunamtoka, jaribuni pia siku za juma na nyimbo alizozizoea, kwa sababu maneno yaliyozoeleka kwa mfuatano mara nyingi hubaki hata pale mazungumzo ya kawaida yanaposhindikana.

Kuna mambo machache ya afya ambayo mkiyashika yatapunguza kazi ya kila siku. Kituo cha afya kikiwa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mpelekeni mara chache ili awafundishe ninyi mazoezi ya kufanya nyumbani. Nafuu ya kiharusi huwa ya kasi zaidi katika miezi ya mwanzo, lakini haifungi mlango baada ya hapo. Msimvute kwa mkono uliopooza mnapomwinua, kwani bega lake huteguka kwa urahisi. Ale akiwa ameketi wima, na abaki hivyo kwa takribani nusu saa baada ya kula. Ikiwa hawezi kujigeuza mwenyewe, ageuzwe kila baada ya saa 2 hivi, na kila siku kagueni ngozi ya makalio, nyonga na visigino, maana kidonda cha kulalia kikishaanza kitawagharimu muda na fedha nyingi kuliko kukizuia. Jambo kubwa kuliko yote ni shinikizo la damu: dawa zisikatike hata siku moja, na apimwe mara kwa mara, kwa kuwa aliyepata kiharusi mara moja yuko katika hatari ya kupata kingine. Hapa ndipo mshahara wako unapomuuguza mama kila siku ambayo hupo.

Nilikuahidi kukueleza ni lini kuacha kazi kunaweza kuwa sawa. Ni pale ambapo mama atahitaji watu wawili usiku na mchana, mdogo wako atakuwa amesema kwa hiari yake kwamba anataka kwenda kutafuta maisha yake, wadogo zako watakuwa wameanza kutoa fedha kwa miezi kadhaa mfululizo na si kuahidi tu, na wewe utakuwa umehesabu ada, kodi na michango yako ya uzeeni ukaona utaishije kwa miaka mitano ijayo. Hata hapo, omba kwanza likizo bila malipo, kwa sababu mlango wa kazi ukishaufunga ukiwa na zaidi ya miaka 40 huwa mgumu kuufungua tena, na wanao watakuwa bado wanakutegemea.

Na yale machozi ya Jumapili. Mama analia kwa sababu anakupenda na kwa sababu kiharusi chenyewe huwafanya wagonjwa wengi kushindwa kuyazuia machozi. Hayo si mashtaka dhidi yako. Kabla ya kubeba begi, mwambie siku utakayorudi na uiandike kwenye kalenda iliyo mahali anapoweza kuiona akiwa amelala, ili mdogo wako amsaidie kuhesabu siku zilizobaki. Kuhesabu anakuweza.

Leo usiku mpigie mdogo wako simu, peke yake, bila kaka zake. Usianze na uamuzi wako wala na barua ya onyo. Muulize alitaka kusema nini siku ile ya kikao, kisha unyamaze umsikilize hata kama kimya chake kitakuwa kirefu. Halafu mpangeni pamoja mahali pengine pa kuweka dawa za mama, ili ile meza ya cherehani ibaki wazi.